Nusu ya Mbele ya Bunduki

Kwa bibi yangu, katika kijiji kilichopo kando ya Ghuba ya Speke, kulikuwa na kipande cha mbao kisichofikia dhiraa moja, cheusi kwa moshi, chenye mfereji ulionyooka katikati. Sisi wajukuu tulikifanya mtumbwi wa kuchezea. Nilikwisha kuwa mhadhiri nilipotambua kwamba kilikuwa nusu ya mbele ya bunduki ya vita.

Babu alikuwa seremala Mwanza mjini katika miaka ya 1950. Wawindaji wa Kizungu walimletea Mauser za mwaka 1898, bunduki ambazo komeo lake huvutwa kwa mkono baada ya kila risasi, wakitaka zigeuzwe za uwindaji. Mti uliofunika mtutu karibu wote ulikatwa, kitako kikachongwa upya, kishikizo cha singe kikaondolewa. Mpini wa komeo, uliochomoza pembeni, fundi chuma aliupasha moto na kuukunja uelekee chini, ili darubini ipate nafasi juu yake. Mtambo wenyewe haukuguswa, wala hapakuwa na sababu ya kuugusa: Rigby wa London walijengea bunduki zao za kifahari juu ya mtambo huohuo, na W.D.M. Bell aliua wengi wa tembo wake zaidi ya 1,000 kwa risasi ya milimita 7 iliyobuniwa kwa ajili ya majeshi.

Mji huohuo Waingereza waliuteka Julai 1916. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa wameanza vita hiyo na Mauser kuukuu zaidi, ya 1871, yenye risasi moja tu na baruti ya moshi mzito uliomfichua mpigaji. Mwafrika alipewa bunduki aue kwa niaba ya mfalme asiyemjua. Vita ilipokwisha, akanyang'anywa.

Serengeti ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, majirani zetu waliotega nyumbu kwa nyaya waliitwa majangili. Aliyekata leseni na kubeba Mauser iliyopita mikononi mwa babu, nje kidogo ya mpaka, aliitwa mwindaji. Mhunzi aliyeunda gobore kwa bomba la chuma hakuwa na jina la heshima, ingawa ustadi wake (nasema haya nikijua gobore limeua watu kwetu) haukuwa mdogo kuliko wa fundi wa London.

Siitetei biashara ya nyamapori. Lakini watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, wanaoandika ripoti kuhusu vijiji vinavyopakana na hifadhi, wangejiuliza neno "jangili" walilirithi kwa nani, na kwa nini halijawahi kubadilishwa kitako.

Babu alilipwa kwa kila bunduki, lakini hakuruhusiwa kujaribu hata moja. Kipande kile alikileta nyumbani kwa kuwa mbao ilikuwa nzuri. Nilipokwenda kukitafuta, mama mdogo aliniambia walikichoma masika moja, kuni zilipokuwa zimelowa.