Fumua, Padre



Wengi wenu mmeniuliza, baadhi kwa utani na baadhi kwa mshangao wa kweli, ni jambo gani lililomketisha paroko wenu mbele ya cherehani kila Jumatano alasiri katika ukumbi wa parokia, pamoja na akina mama na mabinti wa darasa la wanaoanza kushona. Jibu nililowapa lilikuwa fupi: nilitaka kushona kwa mikono yangu kitambaa cha kufutia kalisi. Jibu hilo ni la kweli, lakini si lote. Leo ningependa kuwaeleza lililobaki.

Siku ya kwanza hatukupewa kitambaa wala uzi. Mwalimu wetu, mama mtu mzima aliyeishi na cherehani tangu ujana wake, aligawa karatasi zenye mistari, akaondoa uzi sindanoni, akatuagiza tukanyage na kuifuatisha sindano mstarini. Niliona ni jambo la kitoto. Kumbe kanyagio lina hila yake: usipolianzisha gurudumu kwa mkono upande unaotakiwa, mashine hurudi nyuma. Yangu ilirudi nyuma mara nyingi, na matundu katika karatasi yangu yalitangatanga kama nyayo za mbuzi aliyepotea. Binti mmoja aliyeketi karibu nami alimaliza karatasi tatu zilizonyooka, kisha akaniambia kwa upole, "Baba, usiitazame sindano. Tazama mstari unaokuja." Miaka mingi nimezoea kufundisha, siku ile nilifundishwa, na ninakiri kwamba haikuwa rahisi.

Baadaye tulijifunza kutunga uzi. Anayeshona kwa mkono amezoea tundu la sindano kuwa nyuma. Sindano ya cherehani ina tundu lake karibu na ncha. Sindano hiyo huushusha uzi wa juu chini ya kitambaa, na huko ndoana huudaka na kuuzungusha kwenye uzi wa chini unaotoka katika bobini, hata nyuzi mbili zikafungana katikati ya kitambaa. Elias Howe wa Marekani alipewa hataza ya mashine yenye mshono wa namna hii mwaka 1846, na cherehani za mafundi wetu barazani zinashona hivyo hadi leo. Mwalimu alituonya kwamba uzi mmoja ukikazwa kupita kiasi, humvuta mwenzake ajitokeze upande usio wake, na mshono huo haudumu.

Hatimaye nilipewa kipande cha kitani cheupe. Kazi ilikuwa kukunja upindo mwembamba pande zote nne na kuushona. Pande tatu zilikwenda vizuri. Upande wa nne mshono ulipinda. Nami nilifanya nini? Nilishona mstari mwingine juu yake, ulionyooka kidogo, nikitumaini kwamba wa pili ungeuficha wa kwanza. Mwalimu alikichukua kitambaa, akakigeuza, akapitisha kidole mahali palipokuwa pamekuwa pagumu kwa wingi wa uzi. "Padre," alisema, "ukishona juu ya kosa, unalikaza. Fumua." Kisha akanipa wembe.

Nilifumua tundu baada ya tundu, taratibu, nikichelea kukikata kitambaa. Na katika kazi hiyo ya kimya, nilimkumbuka mtu.

Wengi wenu mnamkumbuka mama mjane aliyetunza vitambaa vya altare yetu kwa miaka mingi. Jumapili moja, mbele ya waamini waliokuwa wakitoka kanisani, nilimkaripia kwa maneno makali kwa sababu vitambaa havikuwa vimepigwa pasi. Jioni yake niliambiwa kwamba alikuwa amekesha hospitalini na mjukuu wake. Hakurudi tena sakristia. Nami, badala ya kwenda kwake, nilimsifu katika matangazo, nikampelekea sukari na mchele wakati wa Noeli, nikamsalimu kwa uchangamfu kila tulipokutana. Nilikuwa nikishona juu ya kosa.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9, kinatusimulia juu ya Dorkasi wa Yopa. Alipofariki, wajane walisimama karibu na Petro wakilia, wakimwonyesha nguo alizowatengenezea alipokuwa pamoja nao. Nikajiuliza: mjane wa parokia yetu angemwonyesha Petro kitu gani kilichotoka kwangu? Mchele ulikwisha kuliwa. Kilichobaki kwake ni neno.

Na kitambaa nilichokishika kilikuwa cha altare. Bwana wetu ametuagiza, katika Injili ya Mathayo sura ya 5, kwamba mtu akikumbuka mbele ya altare kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache kwanza sadaka yake, aende kupatana naye. Nilikiacha kitambaa mezani, nikaenda.

Alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Baba, mimi nilikwisha kukusamehe. Lakini waliosikia ukinikaripia hawajasikia haya." Nilifahamu kwamba nilikuwa nimefumua ncha tu ya mshono. Ndiyo maana Jumapili iliyofuata, kabla ya baraka ya mwisho, niliomba msamaha mbele yenu nyote. Sauti yangu ilitetemeka, mliiona.

Wapendwa, wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Fundi wetu ameniongezea jambo moja: kabla ya kuziba, ondoa kilichoharibika. Yupo mume anayemletea mkewe kitenge kipya ili asilazimike kusema "nimekosa." Wapo ndugu wanaochangiana harusi na misiba, lakini neno lililosemwa siku ya kugawa shamba halijaguswa. Zawadi ni njema, na michango ni myema, havifumui.

Wala tusidanganyane. Uzi ukishaondolewa, matundu ya sindano hubaki. Maji na pasi huyapunguza, na wakati nao husaidia, lakini ukikiinua kitambaa kuelekea dirishani utayaona. Mama yule hajarudi sakristia, na sijamwomba arudi. Nilimpelekea kitambaa changu kilipokamilika. Alikigeuza upande wa nyuma, kama wafanyavyo wanaojua kushona, akakitazama kwa muda mrefu, akasema, "Pembe hii, Baba, ifumue tena."

Nimeifumua.

Ameniruhusu niyaandike haya. Juma hili, kila mmoja wetu autafute mshono mmoja alioushona juu ya kosa, na aombe neema ya kushika wembe bila kukikata kitambaa.

Mungu awabariki.

Wenu katika Kristo,
Baba Paroko