Uji wa Oti, Riyadh na Jeddah

Ukiingia duka la nafaka pale Batha, katikati ya Riyadh, ukaomba shayiri, utapewa shayiri kweli: ile nafaka ambayo Waarabu huiita sha'ir na kuipikia talbina. Kamusi zetu huziita oti kwa jina hilohilo, kwa hiyo Mswahili mgeni anaweza kurudi nyumbani na mfuko wa kitu kingine kabisa. Sema shufan. Au onyesha kwa kidole kopo la Quaker, maana hata wenyeji wengi huzitaja kwa jina hilo la kopo.

Wasaudia wenyewe wanazijua oti zaidi jioni kuliko asubuhi. Ramadhani ikikaribia, makopo hupangwa kama minara kwenye supamaketi, kwa sababu supu ya oti yenye nyama, vitunguu na nyanya ni futari ya nyumba nyingi. Asubuhi yao ni ful, yaani maharage yaliyopondwa, na mkate wa tamis uliotoka tanuruni sasa hivi. Ni kitamu, sikatai. Nikitoka zamu ya usiku, harufu ya tamis inaweza kunipotezea njia ya nyumbani.

Kwetu uji wa oti uliingia kwa sababu ya karatasi ya maabara. Mume wangu, miaka 41, kazi ya mezani, alipima wastani wa sukari wa miezi mitatu akapata 6.2. Chini ya 5.7 ni salama, 6.5 na kuendelea ni kisukari. Namba hizi nawaeleza wagonjwa kila siku, ila kuiona kwenye karatasi yenye jina la mwenzio ni jambo jingine. Kifungua kinywa chake kilikuwa maandazi manne na chai ya karaki ya kibandani, ile yenye maziwa ya kopo matamu. Hesabu haikuwa ngumu.

Oti zina nyuzi zinazoitwa betaglukani. Zikilowa hugeuka utelezi tumboni, sukari ikaingia damuni polepole, na sehemu ya lehemu ikatoka nje ya mwili badala ya kurudi kwenye damu. Tangu 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeruhusu watengenezaji kuandika kwenye makopo kwamba gramu 3 za nyuzi hizo kwa siku, pamoja na mlo wenye mafuta mabaya kidogo, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Nusu kikombe cha oti kavu, gramu 40 hivi, kinakupa takriban nusu ya kiasi hicho. Nunua zile bapa nzima. Zile za kumwagia maji moto tu zimesagwa sana, sukari yake hupanda haraka, na pakiti nyingi zenye ladha zimeshatiwa sukari kiwandani.

Tatizo ni ladha. Oti zilizochemshwa kwa maji matupu ni gundi ya bahasha, na mume wangu alinieleza hivyo bila kupepesa macho. Dawa yake tunayo sisi watu wa pwani tangu zamani: uji wa Ramadhani wa pilipili manga. Mimi ni wa Tanga, na kwetu uji haupikwi kwanza ukatafutiwa ladha baadaye. Viungo hutangulia, unga hufuata.

Basi fanya hivi. Kaanga nusu kikombe cha oti kwenye sufuria kavu, moto mdogo, dakika tatu, mpaka zitoe harufu kama ya karanga. Ziweke pembeni. Chemsha kikombe kimoja na nusu cha maji pamoja na punje tatu za iliki zilizopondwa, kijiti cha mdalasini, tangawizi ya kukwaruza, pilipili manga ya kubana kwa vidole viwili na chumvi kidogo sana. Maji yakibadilika rangi, rudisha oti, koroga dakika tano, malizia kwa maziwa robo kikombe. Tui zito nilimwachia siku ya Ijumaa tu, kwa sababu ya mafuta yake. Siku nyingine namnyunyizia kijiko cha nazi iliyokunwa au ufuta uliokaangwa. Iliki hapa huhangaiki kuitafuta. Nchi inayokunywa kahawa ya iliki kutwa nzima haikosi iliki.

Sukari hatutii. Tunakata tende mbili za khalas na kuziacha ziyeyukie ndani. Lakini tusidanganyane: tende ni sukari pia. Tende moja ya ukubwa wa kawaida ina gramu 5 au 6, zaidi ya kijiko kimoja cha chai cha sukari. Mbili zinatosha. Ukila saba kwa sababu ni tunda la baraka, mashine ya kupimia sukari haitakuonea haya.

Riyadh, uji huu wa moto unajipendekeza wenyewe. Mji uko mita 600 juu ya bahari, jangwani, na alfajiri ya Januari baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Tulipohamia Jeddah kikazi, karibu kilomita 950 upande wa magharibi, mambo yalibadilika. Joto la Bahari ya Sham lina unyevu kama wa Tanga mwezi wa Februari, na mwanangu wa kwanza alisukuma bakuli akasema, “Mama, uji wenyewe unatoka jasho.”

Hapo nikaanza kulaza oti. Usiku, kabla ya zamu, naweka kwenye chupa ya kioo nusu kikombe cha oti, mtindi nusu kikombe, maziwa kidogo, iliki ya unga, kisha friji. Asubuhi watoto wanaongeza matunda. Majira ya kuchipua zinafika embe za Jazan, kutoka kusini mwa pwani hiyohiyo, na wiki hizo hakuna anayeuliza habari za maandazi. Viungo vyenyewe nanunua Balad, mji mkongwe, kwenye soko la Alawi, kwa vipimo vidogo vidogo, kwa sababu iliki iliyosagwa zamani hainukii chochote.

Mama mkwe alituona kwenye simu ya video tukila chupani. “Mwanangu unamlisha chakula cha baridi asubuhi?” Nikamwambia, “Mama, shikamoo kwanza, halafu nitakueleza.” Alicheka, lakini hajaridhika.

Baada ya miezi minne kipimo kilishuka mpaka 5.9. Siwezi kuupa uji sifa zote: karaki iliachwa, na mume wangu anatembea ufukweni kila baada ya Isha. Maandazi yamebaki ya Ijumaa, mawili. Tutapima tena baada ya Ramadhani, maana huo ndio mwezi nisiomwamini.