Mikono Ikae Kifuani

Mabatini, Mwanza

Mpwa wangu,

Mvua zimezidi na mto Mirongo umejaa takataka kama kawaida yake, lakini tu wazima. Mama yako amenisomea ujumbe wako: kazi ya kuwaongoza watalii chini ya maji huko Mafia umeipata, na umekutana na kamba mrefu kuliko kiganja chako aliyekukodolea macho shimoni. Wewe umeuandika kwa kicheko, yeye hajalala. Tangu meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani kwetu tarehe 21 Mei 1996, dada yangu hapendi kusikia mtu wake yumo majini, hata kama ni beseni. Ndiyo maana nakuandikia mimi niliyesomea uvuvi Mbegani.

Sisi wa ziwani kamba tunayemjua ni yule mdogo anayenaswa pamoja na dagaa. Aliyekulia kwa huyo hawezi kumwogopa kamba. Wa kwako ni mwingine kabisa: mikono yake ya mbele imekunjwa kama ya vunjajungu, na ndiyo silaha yake. Wapo wa namna mbili. Yule wa rangi, mwenye mwili wa kijani, miguu myekundu na madoa ya chui ubavuni, hafiki sentimita 20, ila mkono wake ni rungu. Mwaka 2004 Sheila Patek na wenzake wa Marekani walimpiga picha kwa kamera ya kasi, wakakuta rungu hilo linafyatuka kwa kasi ya hadi mita 23 kwa sekunde, tena ndani ya maji, mahali ambapo hata kofi la maana huwezi kulipiga. Kasi hiyo huzua viputo, navyo vikipasuka vinapiga pigo la pili. Ukiona nje ya tundu pana vipande vya kombe na magamba ya kaa yaliyovunjwa, mwenye nyumba yumo.

Uliyemwona wewe nadhani ni yule wa milia anayechimba mchangani. Huyo anaweza kukaribia sentimita 40. Hana rungu, ana mkuki wenye meno, anaufyatua samaki akipita mlangoni kwake. Mbegani nilimwona mvuvi akimtoa mmoja wa jamaa zake kwenye wavu kwa kumshika kiunoni. Mnyama akajikunja na kumchana kiganja kwa miiba ya mkia, mkuki hajautumia bado. Damu ilichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Sumu hana, lakini jeraha la baharini huharibika upesi; lioshwe vizuri na mganga wa zahanati alione siku hiyo hiyo.

Lakini hamfukuzi mzamiaji. Pilipili usiyoila yakuwashiani? Atakayekuponza ni mtalii. Atakuashiria umchokoe kamba kwa kijiti atoke, apigwe picha, na jioni kuna bahashishi. Kataa. Hapo ni hifadhi ya bahari tangu 1995, na bahashishi hiyo hainunui kidole kingine. Glavu zisikudanganye. Mikono ikae kifuani, wala usijishikilie kwenye mwamba wenye tundu usiloliona ndani.

Kuna zito kuliko kamba, nalo ni mshtuko. Mtu akichomwa au akiogopa tu, hupanda juu mbio huku ameibana pumzi. Hewa aliyoivuta kutoka kwenye mtungi akiwa mita 10 chini, akifika juu imekuwa mara mbili, na mapafu hayana pa kuiweka. Kidole kilichochanika hushonwa. Kwa hiyo mgeni wako akishtuka, mshike mkono, mtazame machoni, hakikisha anapumua, kisha pandeni taratibu na msimame mita 5 kwa dakika 3 kama ulivyofundishwa. Ukimwona anakukimbia kwenda juu, basi kazi ya siku hiyo imekushinda, hata kama kamba hakumgusa.

Mama yako anataka uje Desemba. Usipige mbizi asubuhi ukapanda ndege jioni. Kaa saa 24 nchi kavu kwanza, mwili utoe naitrojeni uliyoibeba chini. Na Mwanza yenyewe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hata ukija kwa basi usiwe na haraka. Tiketi ikate kwa kuzingatia hilo, halafu umpigie simu yeye, si mimi.

Mjomba wako