Chupa Ikirudi, Mteja Amerudi

Wacha nianze na aibu yangu. Mwaka jana kampuni fulani ilinilipa niwatengenezee video ya kutunza mazingira. Tukapanda miche, tukapiga picha, tukanywa maji ya chupa za plastiki, kila mtu akaenda kwao. Nikapost, watu wakapenda. Miche yenyewe sijawahi kurudi kuiangalia.

Wiki hiyo hiyo, shangazi yangu alikuwa anafikiria kufunga kibanda chake cha juisi hapa Loresho. Wateja alikuwa nao, lakini mwisho wa mwezi haoni pesa. Jioni moja tukaketi na daftari lake. Kumbe vitu viwili vilikuwa vinammaliza: chupa za plastiki anazonunua kila wiki, na vijana wa taka anaowalipa kubeba maganda ya maembe na mananasi.

"Shangazi," nikamwambia, "unanunua takataka, halafu unalipa tena iondolewe."

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Kama umekulia Kenya unakumbuka soda za chupa. Ukitumwa dukani unabeba chupa tupu, la sivyo unaacha pesa ya chupa. Hakuna aliyekuwa anaita hiyo kutunza mazingira. Ilikuwa biashara tu. Tukaamua kujaribu hiyo hiyo. Tukanunua chupa 40 za glasi, shilingi 80 kila moja. Mteja anaacha 50, akirudisha chupa anapewa pesa yake.

Nisiwadanganye, mwezi wa kwanza ulituchapa. Chupa 7 hazikurudi, na kila moja ilituacha na hasara ya shilingi 30. Mfereji ukakauka siku tatu, tukaosha chupa kwa maji ya kununua. Shangazi akaniangalia kama mtu aliyeletewa balaa na mtoto wa ndugu yake. Tukapandisha pesa ya chupa ikawa 80, tukaendelea.

Halafu nikaona kitu sikuwa nimekitarajia. Mtu mwenye chupa yako jikoni kwake lazima arudi. Na akirudi, hachukui 80 zake aende. Anajaziwa nyingine. Wale waliokuwa wanapita mara moja kwa mwezi wakawa wa kila wiki. Maganda nayo, mzee mmoja anayefuga nguruwe upande wa Kangemi anakuja kuyachukua mwenyewe. Hatulipi, hatulipwi, na sisi hiyo inatutosha.

Ndiyo maana nikisikia mfanyabiashara akisema mazingira ni mambo ya matajiri, nashangaa. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, na faini ya hadi shilingi milioni 4 au jela hadi miaka 4, wengi walisema biashara zitakufa. Leo mifuko ya kitambaa ni biashara ya watu. Nzambi Matee naye alianzisha Gjenge Makers hapa hapa Nairobi: anachukua taka za plastiki, anachanganya na mchanga, anatengeneza vitofali vya kutandaza chini. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri, si mbali na kwetu, lilimtambua miongoni mwa vijana mabingwa wa dunia. Wengine waliona jalala, yeye akaona malighafi.

Kwangu somo ni hili: ubunifu hauanzi na miche wala fulana za kijani. Unaanza pale unapojiuliza, mimi hutupa nini, na hunigharimu pesa ngapi? Kampuni kubwa au kibanda, swali ni lile lile. Jibu likikuuma mfukoni, hapo ndipo pa kuanzia.

Majuzi ile kampuni ilinipigia tena. Wanataka video nyingine, na pesa ni nzuri kuliko ya kwanza. Kodi yangu inakaribia, siwezi kujifanya siihitaji. Lakini niliwauliza swali moja kwanza: kwa mwezi mnatupa nini, na tunaweza kurekodi hapo?

Wakasema watanijibu. Bado nangoja.

Wewe nawe, fungua daftari lako leo. Uone unatupa nini.