Kikapu cha Simu Mjini Amu

Tulivuka kwa boti kutoka Mokowe hadi Amu, tukapishana na punda vichochoroni mpaka shule moja ya sekondari msingi. Ukutani palibandikwa majina ya waliofaulu. Mezani palikuwa na daftari la mahudhurio. Simu haziruhusiwi shuleni, lakini mwalimu alitueleza kuwa wengi wanaokosa asubuhi hukesha nazo nyumbani. Jina la binti mmoja lilikuwa ukutani, na daftarini lilijaa alama za kutohudhuria.

Jioni mamake alitukaribisha. Sebuleni tuliona kikapu cha ukili: baada ya Isha, simu zote za nyumba hulazwa humo.

“Wiki ya tatu sasa hajakosa shule,” alisema. “Tulianza na yangu, dada zangu. Mtoto hufuata aonacho.”