Maji Hutaka Njia

Watu wengi hudhani ya kuwa barabara zetu huharibiwa zaidi na malori mazito. Mimi, niliyefundisha miaka minane upande wa Nyatike katika Kaunti ya Migori, nimesadiki kwamba aghalabu huharibiwa na maji yaliyonyimwa njia.

Udongo wa huku bondeni ni ule mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono waweza kuzama ndani. Mvua inyeshapo hunywa maji, hufura, kisha hulainika kama uji. Barabara iliyojengwa juu yake, hata ikitandazwa changarawe nzuri namna gani, hubonyea mara maji yatuamapo kando yake. Kwa hiyo mtaro safi una thamani kupita lori zima la changarawe, ingawa hapana mgeni rasmi aliyewahi kualikwa kuufungua.

Tena mvua inayotudhuru mara nyingi si yetu. Mto Kuja, ambao ndugu zetu Wakisii huuita Gucha, hutoka katika milima yao, hupokea Mto Migori, ndipo huingia Ziwa Viktoria huko Nyatike. Yawezekana anga letu likawa jeupe, nasi tukaamka tumezungukwa na maji yaliyonyesha milimani jana. Basi ajengaye kalavati huku na apime mvua ya Kisii, asipime mawingu yaliyo juu ya kichwa chake.

Karibu na shule yetu jirani mmoja aliziba kwa udongo mdomo wa kalavati, ili wateja wafike dukani pake bila kuruka mtaro. Nilipomsihi auzibue, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, maji hayo ni ya wiki mbili tu kwa mwaka." Kweli yalikuwa ya wiki mbili, lakini katika wiki hizo yalipanda juu ya barabara, yakaikata usiku mmoja, na mama mjamzito aliyekuwa akikimbizwa hospitali kwa pikipiki akajifungulia gizani, ukingoni mwa pengo lile. Ashukuriwe Mungu, mtoto alipona. Asubuhi jirani yule alitutangulia sote kushika jembe.

Jambo kama hilo liliwahi kutendeka kwa ukubwa zaidi huko Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay. Katika miaka ya 1980 lilijengwa tuta la kuunganisha kisiwa cha Rusinga na bara. Watu walipata njia kavu, wala sitawalaumu kwa kuifurahia. Lakini mlango wa maji baina ya kisiwa na bara ulifungwa, mkondo ukatuama, na gugumaji likapata mahali pa kustawi. Mwaka 2017 daraja lilifunguliwa mahali pa tuta, na maji yakapita tena. Mei 2020 ziwa lilifura hata likapita kidogo kimo chake cha mwaka 1964, ambacho wazee hawajakisahau. Nilipovuka hapo baadaye, gari letu lilipita juu, na chini yetu mkondo ulikuwa ukienda zake.