Nyama ya Idi, Noeli ya 1974

Paja lile la mbuzi lilining'inia juu ya mafiga siku mbili, limefungwa kwa kamba ya mgomba, likila moshi. Mama akipita chini yake kwenda kusonga ugali aliinama kupita kiasi, kana kwamba lingemgusa na kumtia najisi. Hakulitupa, lakini hakulipika.

Ilikuwa Desemba 1974, Kilo, kaskazini-mashariki mwa Zaire ya wakati ule, katika kambi ya wafanyakazi wa OKIMO, shirika la migodi ya dhahabu. Nilikuwa na miaka 11. Mwaka ule serikali ya Mobutu iliifuta Noeli katika sikukuu za nchi, na tarehe 25, Jumatano, ikawa siku ya kazi kama nyingine. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekwisha kupigwa marufuku tangu 1972. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Petro au Maria alijiandalia kifungo. Lakini mwezi wa Waislamu hauombi ruhusa kwa rais yeyote, na mwaka ule ukaileta Idi ya Kuchinja katika wiki ile ile ya Noeli.

Kilo ni mtoto wa dhahabu. Waaustralia wawili waliiona katika kijito cha Agola mwaka 1903, na tangu hapo wenyeji Wanyali wakajikuta wana majirani Walendu, Wahema, Waaluri, Walogo. Wengine walikuja kwa hiari, wengine kwa kamba shingoni. Baba alikuwa Mualuri wa upande wa Mahagi, Mkatoliki wa rozari mfukoni hadi ndani ya shimo. Mama alilelewa na wamisionari wa Africa Inland Mission, katika kanisa ambalo leo ni CECA 20. Kwake pombe, tumbaku na sanamu vilitoka tumbo moja. Jumapili wavulana tulimfuata baba kwenye misa, na dada zangu wakamfuata mama kwenye nyimbo.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa fundi cherehani, Mwislamu, ambaye babu yake alifika Avakubi na misafara ya pembe za ndovu. Yeye ndiye aliyechinja kila mnyama wa mtaa wetu, hata wa harusi za Wakatoliki, ili mtu yeyote asikose kula. Asubuhi ya Idi niliwahi mapema kumshikia mbuzi miguu. Alikuwa amekificha kisu nyuma ya kanzu, mnyama asikione. Akamlaza ubavu, akamwelekeza Kibla, ambacho kwetu Kilo ni kaskazini ukiegemea mashariki kidogo, akataja jina la Mungu, na kazi ikaisha kabla sijafumba macho vizuri.

Akichuna ngozi alinisimulia ndoto ya Ibrahimu.

"Na mtoto alikuwa Isaka," nikamsaidia. Nilikuwa wa kwanza katika katekisimu.

Akacheka. "Sisi twasema Ismaili, mwanangu, ingawa Kurani haikumtaja jina pale kwenye kisa. Usigombane nami kwa jina. Mungu hali nyama. Anamtazama aliyeshika kisu, ana nini moyoni." Kisha akagawa mafungu matatu: la nyumba yake, la ndugu na majirani, la maskini. Akanikabidhi paja. "Haya, ninyi mwaka huu ni majirani au maskini?" Mshahara wa migodini ulikuwa umechelewa, na yeye alijua. Nilibeba paja bila kujibu.

Nyanya yangu, mama yake baba, alipolisikia neno hilo la Mungu asiyekula, alisikitika kwa dhati. Nyuma ya jiko alikuwa na abila yake, kibanda cha vijiti kisichofika gotini, na baba alikuwa na ustadi wa kupita pale kila siku bila kukiona. Humo aliweka pombe kidogo, damu ya kuku, punje za ulezi. "Asiyekula," akauliza, "atajuaje kwamba umempa?"

Hapa lazima niseme jambo juu ya lugha. Wakristo Waaluri walilichukua neno Mungu kumtaja Muumba, na Jok, aliyekuwa wa wazee wetu, wakamwacha mlangoni pamoja na mapepo. Basi nyumbani kwetu baba alisema Mungu, mama akasema Mungu, fundi akasema Mwenyezi Mungu. Nimekutana na watu wengi wema wanaosema dini zote ni kitu kimoja maana wote wanamwita Mungu. Mimi nimelelewa ndani ya neno hilo, na siwezi kukubaliana nao. Majirani wanaopendana wanaweza kutumia neno moja kwa mambo yasiyofanana, na ni heshima zaidi kulijua hilo kuliko kulifunika.

Nilimpelekea katekista swali. Kama Mungu alimzuia Ibrahimu asimchinje mwanawe, mbona wa kwake mwenyewe hakumzuilia watu? Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini safari hii alinyamaza. "Hapo ndipo Ukristo ulipo," akasema hatimaye, akanituma nikagonge rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu. Nimesoma vitabu vizito tangu hapo, na sijapata jibu linalolishinda lile. Nilipomuuliza fundi, alikunja uso kama aliyesikia rafiki akitukanwa. Isa bin Mariamu ni mtume mkubwa, akasema, na Mungu hamwachii mtume wake aaibishwe msalabani, hawakumuua. Aibu ile ile iliyomfanya fundi akatae ndiyo iliyompigisha baba magoti kila Ijumaa Kuu.

Usiku wa tarehe 24 tulikuwa mezani kwa mboga za sombe, na mimi nikatangaza ugunduzi wangu: kwa nyanya Mungu anakula mbuzi, kwa fundi watu wanakula mbuzi kwa jina la Mungu, na sisi Wakatoliki tunamla Mungu mwenyewe. Kofi la baba lilifika kabla sijamaliza. Mama akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Kwake mkate wa meza ya Bwana ulikuwa ukumbusho, basi, na miaka 12 ya ndoa alikuwa akimwambia baba hivyo hivyo kwa maneno ya adabu zaidi.

Misa ilikuwa usiku. Alfajiri king'ora cha kazi kikalia, na baba akaenda zamu yake na rozari mfukoni. Aliporudi alikuta paja limepikwa kwa nyanya na kitunguu. Mama alikuwa ameshinda na barua ya Paulo kwa Wakorintho, sehemu ya nyama ya sadaka, akatoka na uamuzi kwamba nyama hii haikuchinjiwa sanamu. Yeye mwenyewe alikula sombe. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba alionja mchuzi, mara tatu.

Siku hizi vijana wakisikia kwamba nimetoka Kilo wananiuliza kama vita vyetu vilikuwa vya dini. Hapana. Mwishoni mwa 2002 kundi la wapiganaji la UPC liliuteka mji jirani wa Mongbwalu, kisha Kilo. Abbé Boniface Bwanalonga, padri mzee, aliuawa Mongbwalu, na mwaka 2019 mahakama ya The Hague ilimtia Bosco Ntaganda, kamanda wa kundi hilo, hatiani kwa kumuua kwa mkono wake. Katika pande zote mbili za vita hivyo walikuwamo watu waliobatizwa. Katekisimu yangu haikunitayarisha kwa hilo, na wala kofi la baba.

Nyanya alibatizwa mwaka 1976, kwa hiari yake, akiwa hana meno. Kwa kuwa sheria ilikataza jina la mtakatifu, padri alimmwagia maji kwa jina lake lile lile la Kialuri, na nyanya akaona hiyo ni adabu kubwa ya Mungu wa Wakristo. Siku ya komunyo ya kwanza nilimshika mkono hadi nyumbani. Alitembea mdomo umefungwa, kama aliyebeba maji. Tulipofika akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akameza mate, akanitazama.

"Hana chumvi," akasema. "Lakini kweli amejiacha akaliwa."

Halafu akaniomba nimpelekee ulezi kule nyuma ya jiko.